Tumwinueje Mtu Asiyeweza Kusimama?



Karibu kila kijiji tunachotembelea kina nyumba moja au mbili zenye mtu asiyeweza kusimama. Mmoja alianguka kutoka juu ya mwembe. Mwingine alikuwa amepanda bodaboda, ikagongwa, uti wa mgongo ukaumia. Mwingine ni mzee aliyepatwa na kiharusi, au ni mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, ila sasa si mtoto tena: ana miaka 17 na miguu mirefu kuliko ya baba yake. Tukiuliza shida ni nini, watu wa nyumba hutaja pesa, dawa na chakula. Ni kweli. Lakini tukikaa kidogo, chai ikinywewa, mama hujishika kiuno na kusema, "Shida yenyewe ni kumtoa kitandani."

Safari hii tumeamua kuongea juu ya kazi hiyo moja tu: kumtoa mtu kitandani, kumweka kitini, na kumrudisha. Kuna mashine inayofanya kazi hiyo. Tutaeleza ilivyo, inavyotumiwa bila kumwumiza mtu, na kama inafaa katika nyumba zetu. Tuseme mapema kwamba kuna nyumba inafaa, na kuna nyumba haifai kabisa.

KILO NGAPI KWA SIKU?

Hebu tuhesabu. Asubuhi mtu anatolewa kitandani hadi kitini. Kisha chooni, na kurudi. Kuoga, na kurudi. Mchana analazwa kidogo, halafu anatolewa tena. Jioni anarudi kitandani. Hiyo ni mara nane. Ikiwa mtu huyo ana kilo 60, anayemwinua amebeba kilo 480 kwa siku, ambazo ni zaidi ya magunia matano ya mahindi ya kilo 90. Na gunia ni afadhali, kwa sababu gunia halishtuki katikati ya safari wala halikushiki shingo.

Wale wa kazi ya viazi wanakumbuka kwamba kanuni za mwaka 2019 zilisema mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Mama anayemlea mtu nyumbani hakuna aliyempimia. Huko Marekani, mtaalamu wa taasisi ya serikali inayochunguza usalama kazini alipiga hesabu mwaka 2007 akasema kwamba anayemwinua mgonjwa kwa mikono asibebe zaidi ya ratili 35, yaani kilo 16 hivi, na hiyo ni hali ikiwa nzuri. Kilo 16 hazifiki mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa! Kumbe basi karibu kila mtu mzima tunayemwinua kwa mikono amepita kipimo.

Mgongo wa mama ukishaharibika, nyumba ina watu wawili wasioweza kutoka kitandani. Lakini huyu anayeinuliwa naye huumia. Wengi wetu tunapenda kumshika mtu chini ya makwapa na kumvuta juu. Kwa aliyepatwa na kiharusi, bega la upande uliolegea halina misuli ya kulishikilia, na mvuto huo unaweza kulitegua. Maumivu ya bega yakianza, hayatoki upesi. Kumburuta juu ya shuka nako kunachuna ngozi ya makalio na visigino, na mtu aliyepooza huenda asisikie chochote.

Jambo baya zaidi huja polepole. Kwa kuwa kumwinua ni taabu, watu wanaanza kumwinua mara chache. Kwanza analala mchana kutwa siku ya soko kwa sababu hakuna mtu nyumbani. Halafu siku mbili kwa wiki. Mwishowe kitanda kinakuwa ndiyo boma lake. Mifupa ya nyonga na ya mkia inabana nyama dhidi ya godoro, damu haipiti, na baada ya saa chache tu katika ulalo uleule nyama inaweza kuanza kufa. Ndiyo maana wauguzi husema ageuzwe kila baada ya saa mbili. Vidonda vya kulalia huanza na wekundu au weusi kidogo wa ngozi, na vinaweza kufika mfupani. Watu wamekufa kwa vidonda hivyo, si kwa ajali iliyowapoozesha. Kwa hiyo kumtoa mtu nje aone jua si starehe tunayomfanyia siku tukiwa na nafasi.

MASHINE YENYEWE

Aliyewahi kuona mafundi wa gereji wakitoa injini ya gari kwa ile winchi ndogo ya magurudumu ameshaona ndugu ya mashine hii. Chini kuna miguu miwili ya chuma yenye magurudumu madogo, inayoingia chini ya kitanda na inayoweza kutanuliwa. Mlingoti unasimama. Juu kuna mkono unaopanda na kushuka, na mwisho wa mkono kuna chuma chenye ndoano. Katikati kuna jeki ya mafuta, kama ile ya lori: unapopampu, mafuta yanasukumwa kutoka bomba jembamba kwenda bomba pana, na nguvu kidogo ya mkono wako inazidishwa mara nyingi. Nyingine zina mota na betri badala ya kupampu.

Moja ya mashine za kwanza za namna hii ilitoka kwa mtu aliyekuwa akiihitaji yeye mwenyewe. Hoyer, kijana wa mji wa Oshkosh huko Marekani, alilemaa baada ya ajali ya gari mwaka 1936. Mpaka leo wauguzi wengi wa huko huiita mashine hiyo kwa jina lake. Vijana wetu waliokwenda Marekani na Uingereza kufanya kazi ya kulea wazee na wagonjwa wanaijua sana, kwa sababu ni kati ya mambo ya kwanza wanayofundishwa. Kama kuna mmoja amekuja likizo kijijini kwenu, mwiteni kwenye mkutano awaeleze.

Anayeinuliwa hukaa ndani ya kitambaa kigumu chenye mikanda, ambayo ndiyo inayotundikwa kwenye ndoano. Sisi tutakiita mbeleko, ingawa watu wazima wengine hawalipendi neno hilo kwa sababu linawakumbusha mtoto mgongoni. Akikataa, tumieni jina analotaka yeye.

Sasa kuitumia. Mwambieni kwanza kabla hamjamgusa, hata kama haongei. Mgeuzeni alale ubavu, mweke mbeleko iliyokunjwa nusu nyuma ya mgongo wake, kisha mgeuzeni upande wa pili mkunjue ile nusu iliyobaki. Ukingo wa chini ufike kwenye mfupa wa mkia. Mikanda ya miguu hupita chini ya mapaja, na kwa mbeleko nyingi inapishanishwa katikati ili mtu asichomoke. Hakikisheni kitambaa hakina mkunjo chini ya paja, maana mkunjo huo utakata ngozi.

Leteni mashine, tanueni miguu yake, mtundike mikanda. Upande wa kulia na wa kushoto viwe sawa kabisa, kitanzi kwa kitanzi. Mtu mmoja ashike kile chuma cha ndoano kwa mkono, kwa sababu kikiyumba kinaweza kumpiga usoni. Pampuni mpaka mikanda ikaze tu, mtu akiwa bado hajaachana na godoro. HAPO SIMAMENI. Angalieni kila kitanzi, mmoja baada ya mwingine, na mwulizeni kama yuko sawa. Dakika hiyo moja ndiyo inayozuia ajali nyingi. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya hospitali imewahi kuonya juu ya watu walioanguka kutoka kwenye mashine hizi wakavunjika, na wengine wakafa. Mbeleko isiyo ya saizi yake, kitanzi kilichoteleza, mshono uliochakaa: ni mambo madogo hayo.

Mkiona yako sawa, mwinueni kiasi cha kuachana na kitanda tu, si juu sana. Breki za kiti cha magurudumu zifungwe, lakini breki za mashine ziachwe wazi wakati wa kuinua na kushusha, ili mashine ijisogeze yenyewe ikae chini ya uzito. Watu wengi hushangaa kusikia hivyo. Msukumeni polepole kwa kushika mashine, msimvute yeye. Kwenye kiti, mmoja asukume magoti kidogo kwenda nyuma ili makalio yafike mwisho wa kiti, na mwingine afungue valvu pole pole. Ikifunguliwa kwa pupa, mtu anashuka kwa kishindo.

Mwisho wa yote, toeni mbeleko ikiwezekana. Kuikalia kutwa nzima kunaleta vidonda vilevile tunavyovikimbia, isipokuwa kama ni ya aina iliyotengenezwa kukaliwa. Na mbeleko ikianza kuchanika, isipelekwe kwa fundi cherehani. Itupwe.

KUNING'INIA HEWANI

Mpaka hapa tumeongea kama watu wanaosimama kando. Yule aliye ndani ya kitambaa anaona mambo mengine. Miguu yake haigusi kitu. Anaona dari, au mabati, na nyuso za watu kutoka chini. Mwili unazunguka kidogo. Wengine wana misuli inayokakamaa ghafla, na woga unaizidisha. Anajua pia kwamba uamuzi wa kwenda haja si wake peke yake, ni wa nani yuko nyumbani saa hiyo. Kuna watu wanaopunguza kunywa maji ili wasisumbue, na hilo ni hatari kwa figo na kibofu, hasa kwa mwenye mpira wa mkojo.

Kwa sababu hiyo tunasema yeye ndiye awe msimamizi wa kazi. Yeye ndiye aseme "inueni" na "ngojeni". Anazijua sehemu za mwili wake zinazouma, na anajua mkanda gani juzi ulikaa vibaya. Asiyeweza kuongea ana macho na uso. Watu wa nyumba yake wanausoma vizuri kuliko mgeni yeyote mwenye cheti. Na afunikwe. Leso moja juu ya mapaja haichelewi kazi. Watoto wa jirani wasikusanyike mlangoni kana kwamba ni sinema.

Hapa kuna jambo ambalo mikutanoni husemwa kwa sauti ya chini. Binti wa miaka 20 anayebebwa na kaka yake kwenda kuoga kwa sababu mama hana nguvu, huyo binti anaumia, na kaka naye anaumia. Mzee aliyekuwa akiheshimika katika ukoo, sasa anabebwa mgongoni na mkaza mwanawe. Tukifikiria aibu, tunadhani mashine ndiyo itakayoleta aibu, kumbe kwa nyumba nyingi ndiyo ingeiondoa: mama na dada wangetosha, bila kumwita mwanamume.

Huko Uingereza mambo haya yalifika mahakamani. Katika wilaya ya East Sussex kulikuwa na dada wawili watu wazima, wenye ulemavu mkubwa, wakilelewa na wazazi nyumbani. Serikali ya mtaa ilikuwa ikikataza wafanyakazi wake kuwainua kwa mikono, kwa kuhofia migongo yao. Wazazi walisema basi binti zao hawatatoka kwenda madukani wala kuogelea, jambo walilolipenda sana. Mwaka 2003 jaji aliamua kwamba katazo la moja kwa moja halifai. Heshima ya anayeinuliwa ipimwe, na mwili wa anayeinua upimwe vilevile, kila nyumba kwa hali yake. Alisema pia kwamba kuinuliwa kwa mashine si jambo la kumdhalilisha mtu kwa lenyewe. Inategemea linavyofanywa. Sisi tunauona uamuzi huo una akili, hata kwa nyumba ya udongo.

NA NYUMBANI KWETU?

Sasa tuseme ukweli. Magurudumu ya mashine hii ni madogo, yanataka sakafu ya saruji iliyo laini. Kwenye sakafu ya udongo yatazama, na mashine yenye mtu juu inaweza kupinduka. Miguu yake inataka nafasi chini ya kitanda, angalau sentimita 15 zikiwa wazi, na sisi chini ya kitanda ndiyo ghala: masanduku, viazi, jembe. Inataka nafasi ya kugeuka. Inataka mlango mpana. Na choo cha shimo kilicho nje, ng'ambo ya migomba, haifiki.

Kwa hiyo kabla hamjafikiria mashine, anzeni na seremala. Kitanda kipandishwe au kishushwe mpaka godoro lilingane na kiti cha magurudumu, ambacho mara nyingi huwa sentimita 45 hadi 50 kutoka chini. Kazi hiyo ni vipande vinne vya mbao ngumu vilivyochimbwa shimo la kuingizia miguu ya kitanda. Tumeona nyumba ambazo hiyo peke yake iliondoa nusu ya taabu. Seremala huyohuyo atengeneze kiti imara kilichotobolewa, ndoo iwekwe chini, na safari za chooni zinaisha.

Kama mtu anaweza kukaa bila kuanguka na ana nguvu kidogo mikononi, afanyiwe ubao wa kutelezea: mbao laini ya sentimita 70 kwa 25 hivi, iliyopigwa msasa vizuri, ncha zake zikiwa nyembamba. Upande mmoja unaingia chini ya paja lake, mwingine unakaa juu ya kiti, naye anateleza kidogo kidogo. Mkono wa kiti uwe wa kutolewa. Asiteleze na ngozi tupu; avae kaptura au ajifunge leso. Wengi hujifunza mpaka wakahama wenyewe, na siku hiyo huwa ya furaha kweli.

Kumsogeza mtu ndani ya kitanda, tumieni kitambaa cha nailoni kinachoteleza, kikunjwe mara mbili ili kiteleze chenyewe kwa chenyewe, mvute kile cha juu badala ya kumvuta mtu. Kisha kitolewe, la sivyo ataamkia sakafuni.

Na yule mzito, aliyepooza mikono na miguu, asiyeweza kukaa? Huyo ndiye mashine ilitengenezwa kwa ajili yake. Hapo tunasema kikundi kifikirie sakafu kwanza. Saruji ya chumba kimoja ni harambee ya kawaida, na inafaa hata mashine isipokuja.

Mafundi wa jua kali wametuuliza kama wanaweza kutundika chenblok kwenye paa. Jibu letu ni hapana. Mbao za paa zilipigwa misumari kubeba mabati, si mtu anayening'inia. Wala winchi ya injini isitumiwe hivihivi. Haikutengenezewa mwili wa mtu, na valvu yake inaweza kushusha kwa ghafla. Kama kuna fundi hodari anayetaka kuunda mashine, aijaribu kwa mifuko ya mchanga yenye uzito mkubwa kuliko wa mtu huyo, aipandishe na kuishusha siku nyingi, na mtaalamu wa viungo wa hospitali aione kabla mtu hajapanda. Mbeleko isishonwe kwa gunia.

PA KUULIZA

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kupata vifaa vya kumsaidia. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 ilibadilishwa na sheria mpya mwaka 2025. Lakini mlango wa kuingilia ni uleule: mtu apimwe katika hospitali ya serikali inayoruhusiwa kufanya kazi hiyo, aandikishwe na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, apate kadi. Bila kadi, mambo mengi yanakwama. Kupitia Baraza anaweza kuomba kifaa kutoka mfuko wa taifa wa maendeleo ya watu wenye ulemavu. Mpango wa Inua Jamii nao umekuwa ukizipa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa wale walioandikishwa. Mnaweza kuuliza pia shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka 1958, ambalo lina karakana ya viti vya magurudumu. Hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti wa mgongo iko Nairobi. Anayemtunza mgonjwa akiwa naye huko, aombe aonyeshwe namna ya kumhamisha, na afanye kwa mikono yake mbele ya muuguzi kabla ya siku ya kuruhusiwa.

Kikundi kikiamua kununua, angalieni uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye mashine na mlinganishe na uzito wa mtu. Pimeni chini ya kitanda, na mlango. Ulizeni kama mbeleko za akiba zinapatikana, kwa sababu zinahitajika mbili, moja ikifuliwa. Ikiwa ni ya betri na stima yenu hupotea siku tatu, chukueni ya kupampu. Msidhani mashine moja itazunguka nyumba tano kama pesa za mzunguko. Mtu hutolewa kitandani kila siku, si zamu yake ikifika. Na andikeni kwenye kitabu cha kikundi, mbele ya familia, mashine ni ya nani, nani ataitia mafuta na kuikagua kila mwezi, na itakwenda nyumba gani ikiwa mwenyewe atahama au atafariki.